Masharti ya uzamifu wa mazingira ni mengi, lakini moja limesahaulika

Ukitazama migogoro mikubwa ya Pwani ya miaka hii kumi na kitu, utaona mingi imeishia kwenye karatasi za wanasayansi. Lamu, leseni ya mradi wa makaa ya mawe wa Amu Power ilifutwa Juni 2019 na Jopo la Kitaifa la Mazingira, na sababu zilizotajwa ni pamoja na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo katika ripoti ya athari za mazingira. Owino Uhuru, hapa Mombasa, wakaaji waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Vipimo vya madini ya risasi katika damu vikawa ushahidi, na kesi ikapanda na kushuka mpaka Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 mnamo Desemba 2024. Uyombo, Kilifi, watu waliandamana mwaka 2024 kuupinga mtambo wa nyuklia karibu na Mida na msitu wa Arabuko Sokoke. Na Kwale, Base Titanium ilimaliza kuchimba Desemba 2024, ikaacha swali la ardhi ile itarudishwaje katika hali ya kufaa kilimo na makaazi.

Kila mahali hapo pana ripoti nene. Ina majedwali, ramani na majina ya samaki kwa Kilatini. Na mimi nimehudhuria vikao vya umma vya kutosha kujua mambo huwaje: mtaalamu anasimama mbele, anasoma nusu saa, kisha wazee wanaulizwa kama wana swali. Wazee wana maswali, tena mazito, lakini hawana mtu wa kwao wa kuyageuza maswali hayo yakawa hoja ya kisayansi inayoweza kuandikwa na kujibiwa. Mwisho watu husaini karatasi ya mahudhurio, hupewa soda, wakaenda zao.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wasomi wenyewe: mtu hufanya nini mpaka akaitwa daktari wa sayansi ya mazingira? Masharti ni yapi, yanagharimu nini, na kwa nini watoto wetu wengi huishia njiani? Nasema haya kama mtu mwenye diploma. Katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu, diploma ni ngazi ya 6, shahada ya kwanza ni ya 7, uzamili ni wa 9, na uzamifu, yaani PhD, ni ngazi ya 10, ya juu kabisa. Sijafika huko. Lakini kijana wa mtaani kwetu yumo ndani ya safari hiyo sasa, na nimemsumbua kwa maswali mpaka akaniambia, "Mjomba, wewe nawe jiandikishe tu!"

Tuanze mwanzo. Ili ukubaliwe kusoma uzamifu Kenya, kwa kawaida lazima uwe na uzamili wa fani inayohusiana: mazingira, bahari, misitu, kemia, jiografia na mfano wa hizo. Unapeleka wazo la utafiti, kurasa chache tu, na chuo kinatazama mawili: je, wazo lina maana, na je, kina mtu wa kulisimamia? Hili la pili ndilo huwakwamisha wengi. Miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, ya mwaka 2014 inataka mwanafunzi wa uzamifu awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na mhadhiri mmoja asichukue zaidi ya wanafunzi watatu wa uzamifu kwa mwaka wa masomo. Kwa hiyo unaweza kuwa na wazo zuri na karo mkononi, na bado ukaambiwa ungoje kwa kuwa mtu wa matumbawe ni mmoja na tayari ameshajaza.

Ukishaingia, muda wa chini ni miaka mitatu. Vyuo vingine vinaanza na masomo ya darasani, hasa takwimu na mbinu za utafiti. Vingine vinakupeleka moja kwa moja kwenye utafiti. Marekani mwanafunzi husoma darasani kwanza, kisha hufanya mtihani mkubwa mbele ya kamati ndipo aruhusiwe kuendelea. Uholanzi na Uswidi wengi hukusanya makala kadhaa walizochapisha wakazifunga pamoja kuwa tasnifu. Kwetu tasnifu bado ni kitabu kimoja kizima, na makala yanadaiwa juu yake.

Kabla hujashika hata ndoo ya sampuli, lazima uandike pendekezo kamili la utafiti na ulitetee mbele ya jopo la idara, kisha mbele ya skuli ya masomo ya juu. Hapo utaulizwa: swali lako ni lipi hasa, wengine wamesemaje, utapima nini, mara ngapi, kwa kifaa gani, na utajuaje kwamba ulichokipata si bahati nasibu? Wengi hurudishwa mara mbili tatu. Kijana wetu alirudishwa kwa sababu alitaka kuchunguza "uchafuzi wa bahari Mombasa". Jopo likamwambia uchafuzi ni neno, wao wanataka kitu cha kupimwa. Baada ya miezi kadhaa akatoka na swali la plastiki ndogo ndogo kwenye mchanga wa fuo tatu. Hapo wakamfungulia mlango.

Kisha kuna vibali. Mtafiti yeyote Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya sayansi na teknolojia ya mwaka 2013. Akihoji watu, lazima apate idhini ya kamati ya maadili. Akiingia katika hifadhi ya bahari kama Watamu au Kisite, anahitaji ruhusa ya wenye mamlaka ya wanyamapori. Akikata tawi la mkoko, ajue kwamba misitu ya mikoko yote ni misitu ya serikali tangu ilipotangazwa hivyo mwaka 1932, na Shirika la Misitu lina neno lake. Akitaka kuchukua vinasaba vya viumbe, kuna kanuni za NEMA za mwaka 2006. Kila kibali kina fomu yake, ada yake na subira yake. Na akifika kijijini, kuna BMU na chifu. Hao hawatoi leseni, lakini bila wao hapati mtu wa kumpeleka baharini.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mtu wa Pwani analielewa haraka kuliko mtu wa bara. Sayansi ya mazingira haipimi siku moja ikamaliza. Bahari yetu ina kaskazi na ina kusi. Wakati wa kaskazi maji huwa matulivu, ya uvuguvugu, yanaonekana mpaka chini. Kusi ikishika, mawimbi hupanda, mito hushusha tope, na wavuvi wa vyombo vidogo hubaki ndani ya mwamba. Ukipima samaki, mwani au taka kwa kaskazi peke yake, umeandika nusu ya kitabu. Basi mtafiti anahitaji angalau mwaka mzima wa vipimo, na wasimamizi wengi hutaka miwili ili kuona kama kilichotokea mwaka wa kwanza ni ada ya bahari au ni tukio. Mwaka 1998, El Niño ilipopandisha joto la maji, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa. Mtu aliyepima mwaka huo pekee angedhani bahari ndivyo ilivyo. Waliokuwa na vipimo vya miaka ya nyuma ndio waliojua kilichopotea.

Tena vipimo vya ufukweni hufuata maji, havifuati ratiba ya ofisi. Maji yakitoka alfajiri, mtafiti yuko mwambani alfajiri. Gari, mafuta, mashua, nahodha, vijana wa kubeba vyombo, vyote vinalipwa kila safari. Kisha sampuli zinapelekwa maabara, na mashine za kupima metali nzito au plastiki ndogo si za kila chuo. Nyingine humlazimu mwanafunzi apeleke sampuli Nairobi, au nje ya nchi kwa kibali kingine tena.

Data ikishapatikana, linakuja sharti ambalo ndilo huwanyima wengi usingizi. CUE inataka mwanafunzi wa uzamifu awe amechapisha makala yasiyopungua mawili katika majarida yanayokaguliwa na wataalamu wengine kabla ya kupewa shahada. Jarida la maana laweza kukaa na makala yako mwaka mzima, likakurejeshea na maswali thelathini, na pengine likakataa. Mengine yanatoza mamia au hata maelfu ya dola ili makala yasomwe na kila mtu bila malipo. Hapo ndipo matapeli wanapojificha: majarida yanayokuahidi kuchapisha kwa wiki moja ukitoa pesa, bila mtu yeyote kuisoma kazi yako. Mwanafunzi aliyechoka huingia mtegoni, na siku ya kuhesabiwa makala yake hayakubaliwi. Pesa zimekwenda na muda umekwenda.

Mwisho kuna tasnifu yenyewe. Inapelekwa kwa watahini, na mmoja wao lazima awe wa nje ya chuo. Wakishaandika ripoti zao, mwanafunzi husimama kutetea kazi yake kwa mdomo. Anaweza kupita, akapita kwa sharti la kusahihisha, akaambiwa arudie sehemu nzima, au akaanguka. Wengi hupewa marekebisho. Akiyamaliza na wasimamizi wakaweka saini, nakala zinakwenda maktaba, na ndipo jina lake linaingia katika orodha ya mahafali.

Kuna watakaosema: masharti haya ni mengi mno, yapunguzwe. Mimi sikubali. Mnakumbuka Juni 2019, chuo cha JKUAT kilipotoa shahada 118 za uzamifu katika mahafali moja, sehemu kubwa zikiwa za biashara na usimamizi? Nchi nzima iliuliza maswali, na CUE ikatumwa kuchunguza. Wakati huo wahadhiri walikuwa wamewekewa muda wa kupata uzamifu la sivyo wapoteze nafasi zao, na mbio zikawa mbio. Katika mazingira, shahada ya haraka ni hatari ya wazi. Daktari bandia wa bahari atasaini ripoti ya kusema ghuba haitadhurika, na watakaokula samaki wa ghuba ile ni sisi. Wakaaji wa Owino Uhuru hawakuhitaji mtu mwenye joho, walihitaji vipimo visivyotikisika mahakamani. Kwa hiyo masharti yabaki, tena yakazwe.

Mzozo wangu uko kwingine. Masharti haya yanapima akili na uvumilivu, lakini kabla ya hayo yanapima mfuko. Mjadala wa taifa kuhusu pesa za elimu ya juu, tangu mfumo mpya wa ufadhili ulipoletwa mwaka 2023, umekuwa wa shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamifu hatajwi. Yeye mara nyingi ni mtu wa miaka thelathini na kitu, ana mke au mume, ana watoto, na nyumbani ndiye anayetazamwa kwa kila harusi na kila matanga. Mama yake hamwelewi anaposema "bado nasoma". Binti ana mzigo zaidi, kwani wapo watakaomuuliza anafuata nini huko kwenye mikoko na wanaume saa kumi alfajiri. Akikosa karo muhula mmoja, usajili wake unasimama. Akisimama mihula miwili, msimu wa kusi umempita, na data ya mwaka mzima imeingia pengo.

Si kwamba hatuna mahali. Tuna Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na Chuo cha Kiufundi cha Mombasa, vyote vilipata hati Januari 2013, na tuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta. KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, imo Mombasa tangu 1979. WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya Magharibi mwa Bahari ya Hindi, ina makao Zanzibar na hutoa ruzuku za utafiti. Bahari iko mlangoni petu. Mtu anasafiri kutoka Ulaya kuja kuisoma, na mtoto aliyezaliwa akiisikia usiku anashindwa kwa laki chache za karo.

Na hapa nafikia lile sharti lililosahaulika. Katika orodha yote niliyoitaja, hakuna mahali mwanafunzi analazimishwa kurudi kijijini kusema alichokipata. Anadaiwa makala mawili kwa Kiingereza, tasnifu kwa Kiingereza, nakala kwa maktaba na ripoti kwa NACOSTI. Kwa mvuvi hadaiwi kitu. Nahodha mmoja mzee wa Kwale aliniambia kwa upole, "Mwanangu, hawa huja na ndoo na makaratasi. Twawapeleka, twawaonyesha pa kuzama, twawaambia majina. Wakishaondoka hatuwaoni tena, wala hatujui walichokiona." Yule mzee hakuwa na hasira. Alikuwa anasema tu ilivyo. Lakini fikiria: ndiye aliyemwonyesha mtafiti mwamba ulipo, upande gani changu hutaga, mwezi gani maji hubadilika rangi. Maarifa yake yamo katika kitabu kile, na kitabu kile hakijui njia ya kurudi kwake.

Hasara yake si ya heshima peke yake. Siku ripoti ya mradi inapoletwa barazani, kijiji hakina cha kulinganisha. Pengine kuna tasnifu tatu chuoni zinazosema ghuba ile ni mazalio ya samaki, na hakuna hata mmoja barazani anayejua zipo. Lau wangejua, wangesema: ripoti yenu inasema hapa hapana kitu, utafiti wa mwaka fulani unasema pana. Hoja moja kama hiyo inatosha kusimamisha jembe.

Mfano mzuri tunao. Pale Gazi, Kwale, utafiti wa mikoko uliofanywa kwa miaka mingi na wanasayansi wa KMFRI pamoja na vyuo vya ndani na nje haukuishia kabatini. Dkt James Kairo, mmoja wa waliousukuma, alipata uzamifu wake kuhusu mikoko hii hii ya Kenya katika Vrije Universiteit Brussel, Ubelgiji, mwaka 2001. Kutokana na kazi za namna hiyo ulizaliwa mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa. Pesa zake zimeingia katika maji na skuli. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Vipimo vya kipenyo cha miti na uzito wa mizizi, vitu ambavyo mtu angevicheka, vimegeuka maji ya bomba. Hivyo ndivyo uzamifu unavyopaswa kufanya kazi.

Basi nini kifanyike? Nina mapendekezo manne, na yeyote mwenye bora zaidi alete.

Kwanza, vyuo vyetu vya Pwani viongeze sharti moja dogo: kabla ya kuhitimu, mtafiti aandike muhtasari wa kurasa nne au tano kwa Kiswahili, na aende akausome mbele ya watu wa mahali alipofanyia kazi. BMU au baraza la kijiji liweke saini. Halihitaji sheria ya bunge, linahitaji seneti ya chuo iamue.

Pili, kaunti zetu zisimamie nafasi chache za uzamifu kila mwaka kwa mahitaji yanayojulikana. Kwale inahitaji mtu wa kurejesha ardhi ya migodi. Lamu inahitaji mtu wa mikoko na bandari. Mombasa inahitaji mtu wa taka na maji machafu. Mwanafunzi alipiwe mpaka mwisho, afunge mkataba wa kurudi kutumikia kaunti. Nafasi mbili zinazofikishwa mwisho ni bora kuliko hundi mia za kupigia picha.

Tatu, sisi wenyewe. Chuo cha Kiufundi cha Mombasa kilianza kama MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, na miongoni mwa waliochangia ni Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamaa wa Bohora. Waliojenga hawakujua majina ya watakaosoma mle. Leo tuna Sheria ya Waqfu ya mwaka 2022, na tuna matajiri wanaouliza watoe wapi sadaka inayoendelea. Masheikh waulizwe, wanasheria waulizwe, kisha iwekwe waqfu ya utafiti wa bahari. Kisima ni jambo jema, na mtu anayejua kwa nini kisima kimeingia chumvi naye ni jambo jema.

Nne, kwa wewe kijana unayetaka kujiandikisha. Kabla hujalipa shilingi ya kwanza, uliza msimamizi wako ana wanafunzi wangapi tayari. Uliza maabara ina mashine unayohitaji au utapeleka sampuli wapi. Hesabu gharama za misimu miwili ya kaskazi na miwili ya kusi, si za karo peke yake. Anza kuandika makala ya kwanza mara data ya mwaka wa kwanza inapotimia, usingoje mwisho. Na jarida likikuahidi majibu kwa wiki moja, likimbie.

Katika Kiswahili shahada hii tumeiita uzamifu, kutokana na kuzama. Watu wa kwetu wanajua kuzama ni kazi ya namna gani: unavuta pumzi, unashuka, unatafuta, na lazima upande na kitu mkononi. Wanaongoja juu ya chombo wana haki ya kuuliza umepanda na nini. Vyuo vimeshaweka masharti ya kushuka. Hili la kupanda na kuonyesha ulichokipata tuwadai sisi, kwa sababu bahari ni yetu, na ripoti inayofuata, inshallah, tuijibu kwa hoja.